Mkono wa Mjomba Mawimbi

9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine umpe mkaza mjomba, umwambie kile kimkoba alichonishonea kwa mabaki ya kitambaa cha sofa bado kinabeba bisibisi zangu zote na hakijatoboka popote.

Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua, ila wageni wakija linapona lenyewe, wakiondoka linarudi. Baba ni yule yule. Karakana yake imejaa televisheni za watu ambao nadhani wengine walishahama, na hakuna anayeruhusiwa kuzigusa. Mimi bado niko pale kwenye duka la kompyuta, chumba cha juu, ngazi za chuma, natengeneza kompyuta za watu wanaoapa kwamba hawakuzimwagia chai.

Sasa la maana. Agosti wazazi wanatimiza miaka thelathini ya ndoa, na mimi nimejitwika kazi ya kuonyesha harusi yao ukutani. Nimeutoa mkanda wa video kwenye kabati la sebuleni, nimeazima deki dukani, nikaiunganisha na kompyuta kwa kile kifaa kidogo kinachogeuza picha ya mkanda kuwa faili. Picha imekuja, lakini imekuja inayumba. Bibi harusi anaingia, kuanzia mabegani kwenda juu anapinda kulia, anarudi, anapinda tena. Waalikwa wote vichwa vinakwenda upande. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini unaitwa Mjomba Mawimbi, maana jina nimelikuta tangu utotoni wala sikuwahi kuuliza. Nimecheka mpaka fundi mwenzangu akaja kuchungulia.

Naomba unisaidie. Kamera ilianguka? Ilinyeshewa? Kuna lolote unalokumbuka? Na keki iko wapi? Mama anashika kisu, Baba anashika mkono wa Mama, halafu ghafla tunaona viatu. Viatu vinatembea, viatu vinasimama, viatu vinakwenda jikoni. Keki tunaiona tena ikiwa makombo.

Na uje Agosti. Hujafika kwetu siku nyingi.

Mpwa wako,
Waya
(jina ulilonipa mwenyewe siku uliyonikuta naung'ata waya wa redio ya Baba)


3 Machi

Mpwa wangu Waya,

Marahaba. Barua imefika salama. Uliwahi kuniuliza kwa nini sipendi simu. Simu inaniharakisha, nikishasema halo najikuta nimeshaaga. Barua inaningoja nimalize kupigilia msumari.

Sisi wazima. Mkaza mjomba wako anasema kimkoba kikitoboka umrudishie yeye, asije akasikia mtu mwingine amekitia sindano. Kazi ipo. Nina sofa ya daktari wa meno, ameikalia mpaka springi zimetoka nje kumsalimia. Mteja mwingine ameleta kiti cha miguu mitatu anataka kirudi kwake na minne, na mguu wa nne hajui ulipo.

Kuhusu mkanda. Kamera haikuanguka wala haikunyeshewa. Niliiazima kwa mtu aliyekuwa akiipenda kuliko mkewe, na niliirudisha nzima. Huo ulio nao wewe ni nakala. Baba yako alizitoa kwa deki yake, tukawagawia ndugu. Siku ya kuutazama mara ya kwanza sebule ilijaa mpaka mlangoni. Picha ilipoanza kuyumba baba yako akasema, "Shemeji, ulikuwa unapiga harusi au ulikuwa baharini?" Mtu akadakia, "Mawimbi," na jina likapatikana. Walicheka sana. Na mimi nikacheka. Basi andika tu kwamba mpiga video alikuwa na mkono mbovu, hakuna atakayekubishia.

Viatu ni kosa langu na silikatai. Kamera ile ukibonyeza kitufe inaanza, ukibonyeza tena inasimama. Nilipitiwa nikabonyeza mara moja zaidi, na kuanzia hapo nikawa narekodi kila nilipodhani nimezima, na nimezima kila nilipodhani narekodi. Keki ya dada yangu ilikatwa mbele ya kamera iliyolala.

Agosti sitaweza, kazi zitakuwa nyingi. Wasalimie wazazi.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anauliza ni kazi gani hiyo ya Agosti unayoijua tangu Machi. Nimemwambia labda ni kile kiti cha miguu mitatu. Hakucheka.

Sikiliza nilichofanya. Kwanza nilidhani ni uchafu, nikasafisha vichwa vya deki, vile vinavyousoma mkanda, kwa spiriti na kitambaa laini. Chenga zikapungua, kuyumba kukabaki. Nikabadilisha nyaya. Nikazungusha kile kitufe cha kuweka picha sawa mpaka kidole kikafa ganzi. Nikaazima deki nyingine, mpya kidogo, ambayo inaishika picha inayohangaika na kuituliza kabla haijaingia kwenye kompyuta. Mistari ikatoka, rangi zikatulia, Mama akaacha kuwa kijani. Vichwa vya watu vikaendelea kuyumba vilevile. Maana yake kuyumba kumo ndani ya nakala yenyewe, hakuna deki itakayoliondoa tatizo hilo.

Ndipo nikaanza kujiuliza. Mkono ukitetemeka, kila kitu kinatetemeka pamoja, vichwa na miguu na meza na ukuta. Mkono hauwezi kumpinda mtu kichwa ukamwacha miguu imenyooka. Nikarudi kabatini, nikachukua mkanda mwingine wa mwaka ule ule, mechi ya mpira ambayo Baba aliirekodi kutoka kwenye televisheni kwa deki yake. Mjomba, magoli yanapinda. Wachezaji vichwa vinakwenda kulia. Hata mtangazaji anayumba, na amekaa kwenye kiti studio.

Wewe uwanjani hukuwapo. Studio pia hukuwapo.

Nikamwuliza Baba mezani kama deki yake ya zamani ilikuwa nzima. Akasema deki ya fundi haiharibiki, kisha akaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake. Unajua alivyo na kazi yake. Mpaka leo kila skrubu anayoifungua kwa mkono wake akishaifunga anaitia tone la rangi nyekundu ya kucha, ili fundi mwingine akiigusa ajulikane. Mama hajawahi kuifaidi hiyo rangi, chupa zote zinaishia karakana.

Ule mkanda wenyewe, uliotoka kwenye kamera, uko wapi? Kama uko salama, nahisi hauna wimbi hata moja.

Mpwa wako,
Waya


28 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Uniwie radhi kwa kuchelewa. Mvua zimetukalia, vitambaa havikauki, gundi haishiki. Daktari wa meno alikuja kuchukua sofa yake, akaijaribu, akasema imekuwa ngumu. Nikamwambia avumilie kidogo tu, haitauma, ndivyo anavyotuambia sisi.

Kile kiti nimekichongea mguu wa nne. Siku ya kukichukua mwenye kiti akaja na mguu wa zamani mkononi, ameupata nyuma ya kabati lake. Sasa ana mguu wa akiba.

Wasalimie wote.

Mjomba wako

*

Waya mwanangu, ni mimi mkaza mjomba wako. Nimeichukua bahasha kabla hajaifunga.

Yeye kakuandikia habari za viti, mimi nakuandikia habari yenyewe. Ile barua ya magoli aliisoma amesimama, kisha akatoka nje na soksi, viatu ameviacha mlangoni, na mvua ilikuwa inanyesha. Mkanda anao. Uko kwenye droo ya cherehani, umefungwa kwenye kitambaa, na hajautazama tangu siku ile ya sebuleni. Hiyo kazi ya kupiga video za harusi ndiyo aliyotaka kuifanya maishani, mwanangu. Watu walikuwa wameshaanza kumwita. Jina la Mawimbi lilipoenea wakaghairi, na yeye tangu hapo hajashika kamera, hata ya simu. Sherehe zote za hapa nyumbani napiga mimi, nami nawakata watu vichwa.

Anachoogopa ni kwamba utautazama na kukuta kweli ulikuwa mkono wake. Usimwachie.


10 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama hajambo, Baba hajambo, mimi sijambo, kiti nacho nimefurahi kusikia hakijambo.

Nimeota ndoto. Nimeota mkanda uko kwenye droo ya cherehani, umefungwa kwenye kitambaa.

Baba alipokwenda kumfungia mtu antena, niliishusha ile deki yake ya zamani kutoka juu ya rafu, nikaifungua. Ndani yake kuna viguzo vidogo vya chuma vinavyouongoza mkanda unapopita mbele ya vichwa. Kimoja kikipinda, mkanda unapita upande, na picha inayumba juu, iwe ya harusi au ya mpira. Ukiutazama mkanda mzuri kwa deki kama hiyo utauona mbaya, na ukiunakili, unanakili ubaya wa deki. Niliviangalia viguzo vyote kwa tochi. Kwenye kimoja nimeona kitu ambacho sitakiandika hapa, kwa sababu ninakula meza moja na watu. Nimeifunga deki, nikairudisha juu, nikatandaza vumbi nilipokuwa nimeweka vidole.

Ninachokuomba ni mkanda. Ukiyumba, nitakuambia ukweli, na nitakuwa nimekukosea kwa kukuchokonoa. Usipoyumba, basi jina hilo halikuwa lako, na Agosti nataka kila aliyecheka sebuleni aone kwa macho yake. Na mimi nimo. Nimekuita Mawimbi tangu nijue kusema. Sikujua kwamba linakuuma, na sasa najua.

Usiuweke karibu na spika, wala usiuanike juani. Namjua mkaza mjomba kwa kuanika.

Mpwa wako,
Waya


2 Julai

Mpwa wangu Waya,

Marahaba. Ndoto zako zina mwandiko wa mke wangu.

Yeye hajambo na hana hata aibu. Mvua zimeacha. Mkanda nimempa dereva wa lori la magodoro, ameahidi utasafiri kiti cha mbele. Mkaza mjomba wako alitaka kuupigia pasi kitambaa chake kwanza. Nilimnyang'anya.

Nitakuambia mara moja halafu tusilirudie. Mimi siku ile sikucheka, nilionyesha meno. Utani haukuniuma. Baba yako na mimi tulitaniana tangu siku aliyokuja kuposa, na tulishaambiana makubwa kuliko hayo. Kilichoniuma ni kwamba niliamini. Dada yangu alipokuwa anaingia nilikuwa nimezuia pumzi. Nilijua mkono wangu umetulia, nilikuwa na uhakika nao kabisa, halafu nikaona kwa macho yangu kwenye televisheni kwamba haukutulia. Kuanzia hapo sikuuamini tena. Leo nashona mshono wa sofa kutoka pembe hadi pembe, watu wanausifu ulivyonyooka, nami nangoja waondoke niupime tena kwa rula.

Ukikuta unayumba, utupe, kisha uniandikie habari za goti la mama yako. Nitaelewa.

Mjomba wako


19 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Goti la Mama silijui lilivyo, na leo sitaki kulijua.

Mkono wako umetulia.

Mkanda ulifika na unga mweupe pembeni, ni unyevu wa mvua zenu. Nikaufungua kasha lake, nikaufuta polepole, nikauzungusha kwa mkono ili usije ukakatika. Nilipouweka, mwanzoni zilikuja chenga tupu. Kisha picha ikaja. Mama yuko mlangoni. Kichwa chake kiko juu ya mabega yake, pale pale kinapokaa vichwa vya watu wote. Unamfuata kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, njiani watoto wanakatiza, bwana mmoja mwenye kofia anasimama mbele yako, na wewe unampita kwa utulivu kana kwamba ulijua atasimama. Dirisha la nyuma limenyooka. Nilichukua rula, najua ungetaka, nikaiweka kwenye kioo cha kompyuta. Limenyooka, Mjomba.

Nilichorekebisha ni kidogo. Rangi nyekundu ilikuwa imemwagika nje ya midomo ya watu, nimeirudisha ndani. Ukingoni chini kabisa kulikuwa na mstari wa chenga, nimeukata. Basi. Vingine vyote ni vyako. Viatu navyo ni vyako, na navyo vimetulia vizuri tu.

Jana nilimwita Baba aje atazame. Alitazama amesimama, mpaka Mama alipofika kitini. Akasema, "Rudisha nyuma." Nikarudisha. Akatazama tena, halafu akaenda kunawa mikono, na mikono ilikuwa safi. Aliporudi akasema, "Mwambie shemeji aje. Kamera nitamtafutia mimi." Tangu hapo anajifungia karakana na kamera ndogo ambayo mteja aliitelekeza zamani, na chupa ya Mama ya rangi ya kucha imepotea tena.

Kile nilichokiona ndani ya deki bado sijakiandika. Si changu cha kuandika.

Njooni wote wawili.

Waya


1 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimekaa, nikaisoma nimesimama, kisha nikampa mke wangu anisomee kwa sauti, nimsikie mtu mwingine akisema mkono wangu umetulia. Nimelia, sikufichi, na gundi ya kiti cha watu imekauka kabla sijakibandika kitambaa.

Tunakuja. Kamera nitaishika. Mwambie baba yako akikodi viti avikague kwanza, asije akaniharibia sherehe nikavitengeneza.

Mjomba wako


5 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo, na mkaza mjomba mpe yake. Natumaini mlifika salama na lori halikuwatikisa sana. Mama hajambo. Goti lilikuja juu siku mlipoondoka, kama kawaida yake wageni wakishaaga.

Sherehe sikusimulii, ulikuwapo. Ila hukujiona mwenyewe ulivyosimama harusi ilipokuwa ikionyeshwa, umeegemea mlango, unajifanya unatazama dari. Ukumbi mzima ulikuwa kimya mpaka Mama alipofika kitini, na yule bwana wa kofia akasema, "Kumbe yule ni mimi, miaka yote nilidhani ni pazia." Na mchezo wa viatu ndio unaozungumzwa mpaka leo. Shangazi alivitambua viatu vyake kwa furaha, kumbe ni vya kuazima, na aliyemwazima alikuwa amekaa nyuma yake, bado anavingoja.

Ninachokuandikia ni habari ya faili. Jana nimeifungua ile kamera aliyokupa Baba ili nihifadhi ulichopiga. Vyote ni vizuri, vimenyooka na vimetulia, mpaka pale Baba alipopanda kwenye kiti na kusema, "Shemeji, piga hii, nasema mara moja tu." Unakumbuka alivyowaambia wote kwamba deki yake ndiyo iliyokuwa imepinda, mkono wa shemeji hauna kosa, na jina la Mawimbi kuanzia siku ile ni lake yeye. Unakumbuka watu walivyopiga makofi. Ni vizuri unakumbuka, kwa sababu kwenye faili hayo hayamo. Baba anapanda kitini, anafungua mdomo, picha inakatika. Alikuwa amekitia kitufe tone jekundu usije ukakosea, na wewe ukalibonyeza hilo tone mara moja zaidi.

Baada ya hapo ni viatu. Kamera inaning'inia shingoni mwako, inatazama chini, na inarekodi. Viatu vyako vya kahawia vyenye gundi vinatoka ukumbini, vinapita uani, vinafika getini. Vinakuja vya Baba, vyeusi, kamba za kimoja zimefunguka. Vinasimama mbele ya vyako. Nilitaka kuzima, Mjomba, naapa. Halafu nikamsikia anasema, "Shemeji."

"Naam."

"Pale kwenye kiti sikumaliza."

"Mbona ulimaliza vizuri tu."

"Sikumaliza. Nimewaambia deki ilikuwa mbovu. Sikuwaambia kwamba nilijua. Niliifungua mwenyewe, harusi haina hata mwaka. Nikakuta kiguzo kimepinda, nikakinyoosha, nikafunga, nikanyamaza."

Viatu vyako havisogei.

"Nilikuwa fundi mgeni mtaani," anasema Baba. "Nikaona afadhali wacheke mkono wako kuliko wacheke deki yangu. Halafu jina likazoeleka, na mimi nikaona haya kulirudia."

"Nilijua," unasema.

"Ulijua nini?"

"Waya aliniandikia kuna kitu amekiona ndani ya deki, hataki kukitaja. Kwenye deki yako kitu cha namna hiyo ni kimoja tu, na ni chekundu."

Baba anacheka, kicheko kinaishia njiani. "Nisamehe, shemeji. Nilikuharibia kazi yako."

Nilidhani sauti imekatika, nikaongeza, nikasikia muziki wa mbali na mtu anakusanya sahani. Halafu wewe unasema, "Funga kamba, utaanguka."

Baba anainama. Kichwa chake kinaingia kwenye picha, kisha uso. Anafunga kamba, anaifungua, anaifunga tena. Anakaa pale chini muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji, na mara moja anajipangusa macho kwa kiwiko, maana vidole vimeshika kamba.

Na hapo picha inatikisika. Katika saa zote ulizopiga, za harusi na za sherehe, ni hapo peke yake. Kamera ilikuwa kifuani mwako, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Programu ninayotumia ina kitufe cha kutuliza picha ya namna hiyo, ni kubofya mara moja tu. Nimekiwekea kidole, nikakiondoa. Nimekuandikia kwanza nikuulize.

Mpwa wako,
Waya


22 Septemba

Mpwa wangu Waya,

Marahaba. Tulifika salama. Usikibofye.

Mkaza mjomba wako ameisoma barua yako mara nyingi na kila mara anarudi pale kwenye gundi. Anasema miaka thelathini ya kungoja, halafu naingia kwenye historia na viatu vichafu. Nimemwambia mara nyingine nitapiga na viatu vya Jumapili.

Ile kamera imekuja na lori la magodoro, kiti cha mbele. Baba yako ameituma bila kuandika neno, ila matone mekundu sasa yako mawili, moja kwenye kitufe na jingine kwenye taa inayowaka ikiwa inarekodi. Nadhani ndiyo barua yake. Jirani yetu anamwoza binti yake Desemba, akaniuliza kama namjua mpiga video. Nimemwambia namjua. Mke wangu atasimama pembeni yangu na kazi yake itakuwa kunitangazia, "Imewaka," "Imezima," hata kama wageni watashangaa.

Ile rula nimeipeleka jikoni. Inakoroga uji na inafanya vizuri.

Mwambie baba yako jina alilojitwalia alitunze, nililibeba vizuri na nimemrudishia likiwa zima. Ila yale ya getini yaache kama yalivyo. Hayo ndiyo mawimbi yangu mimi mwenyewe, deki haihusiki, na ukiyanyoosha nitakukasirikia.

Msalimie dada na goti lake.

Mjomba wako